Mitamba Watatu Mbele ya Josho

Waisiko aliwapikia ugali wachimbaji wa dhahabu kule Kewanja miaka minne, na aliporudi kijijini Itiryo hakurudi na bati wala kochi. Alirudi akiswaga mitamba watatu: mwekundu, mweusi, na mmoja wa madoa aliyekuwa mkaidi kuliko wenzake.

Nikodemo, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, alikuja jioni ileile. Akawazunguka, akawapapasa migongo, akatema mate pembeni.

"Wazuri. Kesho walale kwangu. Boma la mwanamke si boma, mama Elia."

"Walale mpaka lini, shemeji?"

"Mpaka wazoee."

Waisiko alimwelewa. Ng'ombe akishazoea boma la Nikodemo, na watu nao wanazoea, na mwaka ukiisha hakuna anayekumbuka alitoka wapi. Basi akakata miiba siku nne, mikono ikamvimba, akajenga boma lake.

Kilichomsumbua ni korongo. Malisho yalikuwa ng'ambo, na mitamba wakifika ukingoni wanagoma. Wanaume wa pale jambo kama hilo wanalimaliza kwa fimbo. Waisiko hakupiga. Alivuka mwenyewe, akakaa juu ya jiwe na chumvi kiganjani, akanyamaza. Siku ya kwanza alikaa mpaka saa saba mchana. Ghati, jirani yake, akapita na mzigo wa kuni.

"We Waisiko, umefungua chekechea?"

"Ndiyo. Mlete na mume wako."

Siku ya tatu yule wa madoa akaruka, wenzake wakamfuata. Mwezi ulipoisha, chumvi ilibaki nyumbani. Waisiko akitangulia tu ng'ambo, wao wanaruka.

Ndipo josho jipya likafunguliwa. Kupe walikuwa wameua ndama wengi mwaka ule, kwa hiyo watu walijaa. Afisa mifugo, Gasto, kijana mpole kutoka Kagera, aliweka daftari mezani akasema kila mwenye ng'ombe aandikwe kwa jina lake, maana siku ya kuuza, kibali kitatolewa kwa jina lililomo humo.

Nikodemo alikuwa wa kwanza. "Andika Nikodemo. Thelathini na wanne."

"Shikamoo, shemeji," Waisiko alisema nyuma yake. "Wako ni thelathini na mmoja. Watatu ni wangu."

Wanaume wakaguna. "Mura, tangu lini mwanamke akahesabiwa ng'ombe?" mmoja akamwuliza kijana yule, wenzake wakacheka.

Gasto akaweka kalamu chini. "Mimi hapa mgeni. Kubalianeni, ndipo niandike."

"Tutakubaliana nyumbani," Nikodemo akasema. "Tuogeshe kwanza."

Waisiko aliyajua makubaliano ya nyumbani. Huko angeongea Nikodemo peke yake.

Fahali wa Nikodemo akaingizwa kwenye kichochoro cha josho. Akanusa dawa, akaona yale maji meusi, akakita miguu. Wakampiga. Akarudi nyuma akamkanyaga mwenzake, uzio ukalia. Wakajaribu wa pili, wa tatu. Jua likapanda.

"Mzee," Gasto akasema, "kama wako hawaingii, wapishe wengine."

Kuwapisha wengine mbele ya kijiji kizima! Nikodemo akafuta jasho.

"Wangu wataingia, shemeji," Waisiko akasema. "Na wako watafuata."

"Basi waingize! Unangoja nini?"

"Nangoja useme ni wa nani."

Ghati akapaza sauti huko nyuma: "Sema, mzee, jua linatuchoma!" Watu wakaangua kicheko.

"Ni wako!" Nikodemo akafoka. "Wote mmesikia, watatu ni wake. Lakini wakigoma, leo hii wanalala kwangu!"

"Sawa," Waisiko akajibu, akiyatazama yale maji meusi. Korongo halinuki dawa. Korongo halina kina cha kumzamisha ng'ombe.

Alizunguka mpaka upande wa kutokea, akasimama. Yule wa madoa akaletwa mbele. Akanusa, akarudi hatua moja. Mtu akainua fimbo.

"Usimguse!"

Fimbo ikashuka. Waisiko hakuita, hakupunga mkono. Alisimama tu, kama alivyosimama ng'ambo ya korongo kila asubuhi. Mtamba akamtazama juu ya maji, masikio mbele. Halafu akaruka, puu! Dawa ikaruka naye, ikamlowesha Nikodemo kuanzia kofia mpaka kandambili. Mwekundu akafuata. Mweusi akafuata. Na fahali, kama aliyeona aibu kubaki, akajitosa, na nyuma yake ng'ombe thelathini wakaogelea wakifuata mkia wa mtamba wa mwanamke.

Ghati akapiga vigelegele mpaka akakohoa.

Gasto akafungua ukurasa mpya. "Jina kamili, mama?"

"Waisiko Nyangi. Ng'ombe watatu. Na acha nafasi hapo chini, mwanangu, wataongezeka."

Nikodemo alikuwa anakamua kofia yake. Akauliza bila kumtazama, "Wiki ijayo mnakuja saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Usichelewe, shemeji. Mimi sisubiri mtu."