Banda la Mtumbwi, Ilomba

Nikisikia harufu ya mbao mbichi za paini, narudi uani kwetu Ilomba. Namwona baba akilala chali kwenye udongo, akisogea, akilala tena, akipima kwa mwili wake urefu wa mtumbwi, nami nikitia alama kwa kijiti. Mtumbwi wenyewe, aliouacha marehemu babu, ulikuwa Kyela, ziwani.

“Baba watoto, nani anajenga banda la mtumbwi hapa Mbeya mjini, pasipo na ziwa?” mama alimcheka.

Baba alichukua nyundo. Alipigilia mabanzi ya paini akiacha nafasi za kupitisha upepo, maana mtumbwi ukikauka haraka hupasuka. Katikati akalaza magogo mawili ili usiguse chini. Majirani wakawa wanauliza nguruwe wetu watakuja lini.

Siku aliyokwenda kuuchukua, alirudi na kasia tu. Ndugu zake walikuwa wameshaupasua kuni. Alilitundika kasia bandani, akaenda kulala bila kula.

Wakati wa mavuno tukahamishia mahindi mle. Nilipotua kikapu changu juu ya yale magogo, mama alinishika mkono.

“Weka pembeni, mwanangu. Hapo ni pa mtumbwi.”