Fundi Ameingia Mbioni

Shemeji yangu ni fundi cherehani. Ukimpelekea gauni la harusi, ujue utalivaa mtoto akianza shule. Kwa hiyo alipotangaza dukani kwake kwamba atakimbia marathoni, kilomita arobaini na mbili na ushee, siku moja, bila kuahirisha, wateja walicheka mpaka mmoja akakalia pini.

Sababu hawakumuuliza, lakini mimi nilikuwa naijua. Kaka yake, fundi wa mapaa, alifariki akiwa na miaka hamsini na miwili. Kifua kilimbana tangu asubuhi, akakataa kushuka mpaka apigilie bati la mwisho. Shemeji sasa alikuwa na hamsini na mmoja, presha juu, na daktari alimwambia awe anatembeatembea. Kutembea tu, wala si kukimbia. Ila shemeji akiogopa hupitiliza.

Kaptula ya mazoezi alijishonea mwenyewe, kwa kitambaa cha sare za shule, na mshono wa ndani akaurudia mara mbili kwa sifa tu. Baada ya kilomita nane alirudi anatembea kama bata, mapaja yamechubuka, na wiki nzima akashona amekalia mto. Dada yangu, mkewe, alimpaka mafuta huku akimsema.

"Miaka thelathini unawashonea watu, leo umejikomesha mwenyewe."

"Cheka tu, mke wangu. Presha inashuka."

Na kweli ilishuka. Kitambi kikaondoka, kukoroma kukaisha, akawa anapanda ngazi za sokoni huku anapiga mluzi. Ila goti la kulia likaanza kuvimba, naye akalificha chini ya meza ya kukatia nguo. Dada akaliona.

"Huko kwenye mbio zako siji," alisema. "Sitaki kuitwa kuokota maiti."

Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anaogopa.

Siku ya mbio nilimkuta dada kando ya barabara, kilomita ya thelathini, na chupa ya maji mkononi, anadai alikuwa anapita tu. Punde shemeji akatokea, anachechemea. Alipotufikia akasimama, akakaa kwenye ukingo wa lami na kuanza kulia mbele za watu, namba yake ikiwa bado kifuani.

"Kifua kilibana pale kwenye mwinuko," alisema. "Nikasema basi. Wote watanicheka."

Wahudumu wa afya walikuja na mashine yao, wakampima, wakampima tena. Moyo uko salama, walisema. Amechoka tu, na goti linahitaji mapumziko. Wakamwambia asiendelee.

"Kumi na mbili tu zilibaki," shemeji alimwambia dada.

"Na kaka yako lilibaki bati moja."

"Nilimkumbuka yeye," shemeji akasema. "Ndiyo maana nilisimama."

Dada alipiga magoti pale kwenye lami, machozi yakimtoka, akaanza kumfungua kamba za viatu.