Mposaji Asiyemaliza Neno

Usiniambie nilikuwa nimelewa, mimi sinywi. Wala usiniambie lilikuwa giza. Ilikuwa alasiri, jua linawaka, Koboko mjini, watu wananunua vitunguu hatua kumi kutoka tuliposimama. Haya yalinipata mimi mwenyewe, fundi cherehani wa mtaa wa Oli, hapa Arua.

Mdogo wangu Rehema alipata mchumba kwenye simu. Si ajabu siku hizi. Ajabu ilikuwa meseji zake. Vijana wote wanafupisha, najua, hata mimi naandika "cjui" badala ya sijui. Lakini huyu hakumaliza neno hata moja. "Slm R. Mzma? Nkpnda. Njo Kbk." Hata salamu ya Mungu ameikata! Na jina lake lilikuwa K tu. K gani? Sisi Wanubi hatuozi mtu tusiyemjua babu yake. Taja babu, na bibi mmoja mtaani atakuambia alizaliwa nyumba gani.

"Yeye iko mutu muzuri, kaka," Rehema akaniambia. "Hapana uliza sana."

Basi ndiyo nikazidi kuuliza. Mtu mzuri anaficha baba yake kwa nini? Halafu Rehema mwenyewe akaanza kupungua. Msichana aliyekuwa akiongea mpaka mama anamwomba apumzike, sasa anajibu nusu neno na kunyamaza. Anakula nusu sahani. Adhuhuri anaswali rakaa mbili badala ya nne, anakunja mkeka. Niamini, nilihesabu kwa macho yangu.

Mama akalia. "Kwenda Koboko, angalia hiyo mutu," akasema. "Mutoto yangu nakwisha."

Nikamchukua Rehema, tukaenda. Yule bwana alikuwa ametuelekeza nyuma ya soko, penye duka lililofungwa. Tulimkuta amesimama, kijana mtanashati, kanzu imepigwa pasi. Mimi fundi, nguo ndiyo ninayoangalia kwanza: kanzu ile haikuwa na mshono hata mmoja. Sikuipenda.

"Salaam aleikum," nikamwambia.

Hakujibu. Alitabasamu tu, kidole kikacheza juu ya simu yake, na simu ya Rehema ikalia. "Slm." Hivi kuna mtu anakuandikia meseji akiwa mbele ya pua yako? Nikaitazama ile simu yake vizuri. Haikuwa na kifuniko nyuma. Haikuwa na betri. Mahali pa betri palijaa mchanga.

Lakini mdomo wangu haujawahi kulegea. "Wewe iko mutoto ya nani?" nikafoka. "Wazee yako iko wapi? Ongea na mudomo!"

Safari hii ikalia simu yangu. "Shmj, ulshkbli." Yaani shemeji, ulishakubali.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikumwambia hata mama. Baba yetu amefariki, kwa hiyo mimi ndiye walii wa Rehema. Bila ndiyo yangu hakuna ndoa. Na wiki chache kabla, nikiwa na kanzu za Idi zimenijaa mpaka magotini na pini mdomoni, namba nisiyoijua iliniandikia: "Nmtka R. Wmkbli?" Yaani namtaka R, wamkubali? Nilidhani ni rafiki zangu wa kijiweni wananitania. Nikajibu "pw", nikaendelea kushona. Poa! Mdogo wangu wa tumbo moja, nimemtoa kwa herufi mbili kwa mtu nisiyemjua. Niliona aibu kuliko hofu.

Rehema alikuwa ameshaanza kumfuata. Nikamkamata mkono, baridi kama maji ya mtungini, nikapiga kelele soko zima lisikie. Nilitaja jina langu lote, la baba, la babu, nikasema mimi walii wa Rehema nimekataa, nimekataa, nimekataa. Kijana akageuka, akapita kona ya duka. Nilimkimbilia. Nyuma ya kona palikuwa na ukuta tu, hakuna njia.

Mama mmoja wa vitunguu akanitazama kwa huruma. "Wewe naongea na nani? Hapa iko wewe na hii musichana tu."

Sasa Rehema anakula, anacheka, anaswali rakaa zote. Utasema yamekwisha? Wachumba wawili wameshamjia, watu wa kweli, na wazee wao na salamu zao kamili. Kila mara imamu anapouliza, "Walii, unakubali?" simu yangu inalia kabla sijafungua mdomo. "Wng." Wangu. Nimebadilisha laini. Mara ya pili niliizima simu kabisa, ikalia hivyo hivyo. Na ikilia, Rehema huko ndani na wanawake anakatika sauti, hawezi kumaliza hata jina lake. Nikikubali, atapona au atakwisha kabisa? Sijui. Nikanyamaza mara zote mbili, na wageni wakaondoka wamekasirika.

Rehema hanilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wewe unayenisoma, pengine una kazi mkononi na kuna mtu anangoja umjibu kwa simu. Kama anakuuliza habari za mtu wako, acha kazi, inuka, nenda ukamwone uso. Asipoitikia salamu yako, rudi nyumbani na watu wako wote. Mimi sikuinuka kwenye cherehani, na mdogo wangu ndiye anayezeeka nyumbani kwa mama.