Leo Si Mbuzi

Miaka ya vita karatasi ilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe hatukuiona. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya misheni huko Changamwe, chumba kimoja cha udongo kilichoezekwa makuti. Nilikuwa kijana mwenye suruali moja ya kaki na maringo ya mtu mwenye suruali kumi.

Jumatatu moja akaja baba wa mwanafunzi wangu mmoja. Alikuwa kuli bandarini, nyusi zake zimejaa vumbi la saruji, na shingoni kilining'inia kimkebe cha bati chenye kipande, kile cheti ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa na serikali kutembea nacho na ambacho wengi hawakujua kimeandikwa nini. Binti yake alikuwa mkubwa kuliko wenzake darasani, mpole, mwenye sauti ya chini. Nikamwamkia mzee, akaitikia marahaba, wala hakuzungusha maneno.

"Mwalimu, huu ni mwaka wa tatu. Nikimpa barua asome, aitazama tu. Krismasi ikifika naye bado hajui, aenda kwa nyanyake Kaloleni akashike jembe. Na sitaki kuambiwa. Nataka nisikie kwa masikio yangu."

"Utasikia, mzee," nikasema, haraka mno.

Ukweli ni kwamba watoto wangu walikuwa wakisoma kama mtu anayetafuna muhogo mkavu. Mbu, zi, mbuzi. A, me, ku, la. Wakifika mwisho wa sentensi wameshasahau mwanzo wake. Na neno "kwa sababu" walilipita tu kama jiwe njiani. Ukiwauliza mbuzi alikula nini na kwa nini, wanakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyekula.

Nikabuni mchezo wa kuigiza. Ndoo imetumbukia kisimani. Darasa zima linapiga kelele, "Kwa nini?" Mtoto mmoja anasoma karatasi yake: "Kwa sababu kamba imekatika." Kwa nini? Wa pili anasoma: "Kwa sababu mbuzi ameitafuna." Kwa nini? "Kwa sababu mlango wa zizi umeachwa wazi." Na kadhalika, mpaka lawama inamfikia mzee aliyemtuma mchunga mbuzi akamnunulie tumbaku, naye anabaki kukohoa tu. Yule binti nikampa mstari wa mbuzi, kwa kuwa ulikuwa mfupi.

Karatasi alileta babake. Alikuja na mifuko mitupu ya saruji begani, nikaikung'uta uwanjani hadi shule nzima ikapiga chafya, nikaikata vipande, nikaandika kwa wino. Nilicheka moyoni kwamba mtu anayetaka kumtoa mwanawe shuleni ndiye aliyetuletea vifaa.

Baada ya wiki mbili watoto walitiririka. Hakuna aliyekwama, hakuna aliyetafuna muhogo. Nikamwendea mwalimu mkuu nikajisifu bila haya. Siku ya pili yake, nikiwa nimeketi mbele nimekunja nne, binti akasimama kusoma mstari wake, nami nikajikuta naweza kuusoma pamoja naye. Upande wa maandishi ulikuwa umenielekea mimi. Yeye alikuwa ameukazia macho upande usio na kitu, na maneno yakimtoka sawasawa, na vituo vyake vyote.

Nilipandwa na hasira. Nikawanyang'anya karatasi, nikazichanganya, nikawarudishia ovyo, nikawaamuru wasome. Kila mtoto akasema mstari wake ule ule wa zamani, karatasi iwe yake au isiwe yake. "Kasuku!" nikawafokea. "Nimefuga kasuku!"

Yule binti akasema polepole, "Abee, mwalimu. Si ndivyo tusomavyo katekisimu?"

Kila Ijumaa niliwasimamisha mstari mmoja, nikauliza maswali ya katekisimu, nao wakayajibu kwa kichwa kitabu kikiwa kimefungwa, nami nikiwasifu na kusema mbele ya watu, "Huyu amesoma." Wazazi wao vilevile. Kwetu sisi aliyesoma ni yule asemaye maneno yale yale bila kukosea. Watoto walinipa nilichokuwa nikikipigia makofi. Niliona aibu, na aibu ile ndiyo iliyonifaa.

Tangu siku hiyo nikawahi shuleni kabla ya watoto, nikabadilisha chanzo. Leo kamba imekatwa na panya. Kesho imeozeshwa na mvua. Keshokutwa ilifungwa fundo baya na mtu mvivu. Karatasi nikazilaza kifudifudi juu ya benchi, na mtoto anayefuata nikampa mbili, achague ipi inafuatana na aliyoyasikia. Kila mmoja alisoma mara tatu: kwanza kwa midomo tu, kisha akimsomea jirani yake, kisha kwa sauti mbele ya wote. Mtoto mmoja alipoambiwa kamba imegugunwa na panya, naye akachagua "kwa sababu amekwenda kununua tumbaku", darasa lilianguka kwa kicheko. "Panya avuta tumbaku!" Mwenyewe akacheka mpaka akaketi chini, akaichukua ile karatasi nyingine: mahindi yamemwagika kisimani. Hakukosea tena. Wakawa wanakuja mbio asubuhi kutaka kujua leo ndoo imeponzwa na nini.

Binti alichelewa kushika. Wiki ya kwanza kila chanzo kwake kilikuwa mbuzi. Nyumbani pia alikuwa akiwachezea wadogo zake mchezo ule wa mbuzi, siku zote, na babake alikuwa akiusikia. Wiki ya tatu niliona midomo yake ikisimama juu ya neno, ikirudi nyuma, ikasimama tena. "Mvua," akasema, akanitazama kwa woga kana kwamba ameiba kitu. Nilitoka nje nikajifanya natazama jua.

Ikafika siku ya kufunga shule. Mwalimu mkuu akaniambia nitumie ule mchezo wa mbuzi, watoto waukariri, wazazi wafurahi. Sikatai, nilishawishika. Kwa mbuzi binti asingekosea hata silabi moja, na babake angeondoka radhi. Nilishika kalamu muda mrefu kabla sijaandika panya.

Wazazi walijaa kwenye mabenchi. Yule baba alikaa nyuma, ametoka bandarini moja kwa moja. Ndoo ikatumbukia. Kamba ikakatika. Kwa nini? Binti akaigeuza karatasi yake, midomo ikacheza kidogo.

"Kwa sababu panya wameiguguna."

Babake akasimama. "Sivyo! Ni mbuzi! Miezi miwili kwangu ni mbuzi, mbuzi. Leo mbele za watu amesahau." Akanigeukia. "Mwalimu, mimi si nilikwambia?"

"Hajasahau, mzee," nikasema.

"Baba, leo si mbuzi," binti akasema. "Karatasi yasema panya." Akamnyooshea. Baba akaitazama, akaigeuza huku na huku, akamrudishia. Watu wote tuliona kwamba hajui kusoma, naye akajua tumeona. Nilimhurumia mno wakati ule.

Akafikiri. Kisha akamwambia binti atoke nje, akaja mbele, akainama sikioni mwangu. "Niandikie maneno yangu mimi. Andika: Mwanangu hatakwenda Kaloleni kwa sababu."

Nikaandika, nikangoja. "Kwa sababu gani, mzee?"

"Acha papo hapo."

Binti akaitwa. Akaipokea karatasi, akaisoma kwanza kwa midomo kama nilivyomfundisha. Kisha kwa sauti: "Mwanangu hatakwenda Kaloleni."

"Kwa nini?" darasa likapiga kelele, kwa mazoea.

"Kwa sababu," akasoma. Akaigeuza karatasi. Nyuma palikuwa na rangi ya saruji tu. Akarudi mbele, akapitisha kidole chini ya neno la mwisho. Angeweza kuongeza lolote, na sote tungemwitikia.

"Baba, pameisha," akasema. "Hapana kitu hapa."

"Kweli hapana," baba akasema. "Sikuandikisha kitu."

"Kwa nini?" darasa likamuuliza, halikujua kwamba mchezo umekwisha.

Yule mzee akapangusa uso kwa kiganja. Akawajibu kama mmoja wao. "Kwa sababu nilitaka nijue kama asoma. Na asoma."

Akaichukua karatasi mkononi mwa bintiye, akaikunja ndogo kabisa, akafungua kimkebe kilichokuwa shingoni mwake na kuitia ndani, juu ya kipande.