Kamati Ilichagua Vitinda Mimba

Siku ile tulikuwa saba katika chumba cha nyuma ya kanisa, hapo Kitale, ambamo kamati ya udugu wa miji ilifanyia mikutano. Alikuwapo Mwalimu, mwenyekiti wetu, aliyestaafu zamani lakini bado alitembea na chaki mfukoni. Alikuwapo katibu, mama muuguzi aliyeandika kila kitu kwa kalamu nyekundu. Alikuwapo Hajji, mwuza vitambaa wa mtaa wa msikiti, ambaye wageni wa kwanza kabisa walilala kwake. Alikuwapo mama mmoja mfugaji kutoka upande wa Kiminini, pamoja na binti yake, aliyevaa viatu vipya vyeusi ingawa safari yake ilikuwa bado miezi mitatu. Alikuwapo mdogo wangu wa kike, ambaye ni wa pili kwetu. Na mimi, kifungua mimba, niliyepika chai. Ambaye hakuwapo ni ndugu yetu wa mwisho, na ni kwa ajili yake tuliitwa.

Mwalimu alisoma barua akiwa amesimama. Ilitoka kwa wenzetu wa ng'ambo, mji mdogo wa wafugaji ambao umeshikana udugu na Kitale kwa miaka mingi. Walisema kijana wetu alimaliza vizuri miezi yake mitatu ya kujifunza kutengeneza jibini. Familia iliyomweka ilimpeleka uwanja wa ndege, akawakumbatia wote, akaingia ndani. Ndege iliondoka bila yeye. Viza yake ilikuwa imebakiza siku ishirini. Akirudi ndani ya siku hizo, jambo litaisha kimya kimya. Asiporudi, hawataweza tena kuwaombea viza vijana wa Kitale.

Hawakutukana. Waliandika kwa adabu, hata wakauliza kama mvua imeanza. Adabu ile ilitubana kuliko matusi.

Kila mtu alinigeukia, kwa sababu fomu ya mlezi ilikuwa na sahihi yangu.

Watu wengi hufikiri udugu wa miji ni bango la barabarani na wakubwa kupeana mikono mbele ya kamera. Mimi niliupikia miaka sita, nikauona kutoka jikoni. Ulikuwa ni zamu. Mwaka huu wanakuja wao, mwaka ujao wanaenda wetu. Aliyepeleka mtoto lazima siku moja atandike kitanda cha mgeni. Ulikuwa ni shuka za wageni, ambazo katibu alizihesabu na kuzifua mwenyewe. Na ulikuwa ni simu ya Mwalimu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, asubuhi, aliwapigia hata kama hakuna la kusema. Mara nyingine walizungumza mvua na nyasi tu, wakaagana. Nilimwuliza kwa nini anapoteza bando. Akaniambia kuna miji miwili aliyoijua, ilipeana vyeti na makombe, lakini baada ya watu kunyamaza miaka miwili hakuna aliyejua ampigie nani.

Kisha kulikuwa na kanuni moja ambayo haikuandikwa popote: kamati ilichagua vitinda mimba. Kwetu Wabukusu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hubaki na nyumba ya wazazi. Mwalimu alisema wakubwa wakienda ng'ambo wana dunia nzima ya kuhangaikia, lakini wa mwisho ana mlango unaomngoja. Kwa wasichana walitafuta yule aliyebaki peke yake na mama. Walikwenda watano, wakarudi wote watano. Mmoja wao sasa anauza jibini yake mwenyewe pale sokoni. Kwa hiyo walipomtaka ndugu yangu hakuna aliyeuliza mengi. Mlango ulikuwapo, kule kijijini kwetu Kamukuywa. Hakuna aliyekwenda kuutazama.

Mimi niliujua. Nyumba ya mama ni ya udongo, vyumba viwili, mabati yamekula kutu upande wa magharibi, na shamba la robo ekari linaloishia kwenye mtaro. Mama alipomfuata baba kaburini nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule wiki ile ile. Ndugu yetu wa mwisho alikuwa na miaka minne. Nilimbeba mgongoni nikipalilia mashamba ya watu, baadaye nikaja Kitale kupika, nikiwaacha wadogo wangu wawili katika nyumba hiyo na kurudi kila Jumamosi. Nilimsomesha hadi kidato cha nne. Sisemi hivyo nisifiwe, nasema ili ijulikane fomu ile ya mlezi haikudanganya.

Wiki moja kabla hajasafiri nilimkuta ameisiriba nyumba yote, ndani na nje, kwa udongo na samadi. Hiyo kwetu ni kazi ya wanawake. Alikuwa na matope hadi kwenye nyusi.

"Umeolewa lini?" nikamwuliza.

"Cheka tu, Dada. Mvua ikija utanikumbuka."

Nilicheka sana. Nilifurahi pia. Nikajiambia mtu haisiribi nyumba ambayo hatairudia.

"Mama," Mwalimu aliniita siku ile ya mkutano, kwa heshima, ingawa angeweza kunizaa. "Wewe ndiye mzazi wake. Amekupigia?"

Alikuwa amenipigia siku tatu kabla, mchana, nikipukuchua mahindi. Aliniambia yuko mji mwingine, mkubwa, anaosha vyombo katika hoteli. Anakaa na mtu wa Webuye ambaye ametangulia huko. Alinipa namba mpya na mtaa anaokaa. Alisema, "Usimwambie Mwalimu, Dada. Tafadhali." Alilitamka lile tafadhali kama alivyokuwa akilitamka akiwa mdogo, akitaka nisimzimie taa.

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Hajanipigia."

Chini ya meza mdogo wangu alinikanyaga mguu. Yeye alikuwa kando yangu wakati wa ile simu.

Hajji akajaribu kutuchekesha. "Labda amepata mchumba huko, bana. Siku moja tutaletewa mkwe mzungu, sijui tutampikia nini."

"Hajji, si uwache mzaha!" yule mama mfugaji akasema. "Huyu wangu ameshapata pasipoti. Nimeuza ndama. Ati sasa tukae tukicheka?"

Hajji akaomba radhi. Katibu hakuinua macho kwenye daftari.

Nilipokuwa nakusanya vikombe msichana aliinuka. Akanisaidia kubeba sinia mpaka jikoni. Huko akaniuliza kwa sauti ya chini, "Anti, akikupigia, utamwambia ni siku ishirini?"

"Nitamwambia."

"Na useme ni mimi nafuata kwa laini."

"Nitasema."

Hilo nilitimiza. Nilimpigia jioni ile ile, mdogo wangu akiwa amekaa mkabala nami kwenye kitanda, mikono kifuani. Nilimweleza ndugu yangu habari ya barua, ya siku ishirini, ya msichana na viatu vyake.

"Huyo ana mama," akasema. "Ana ng'ombe sita. Mimi niko na nini huko?"

"Una nyumba."

Nilisikia sahani zikigongana.

"Dada, ile nyumba wewe ndiye ulitulea ndani yake. Lakini kwa sababu wewe ni msichana, watu wakasema ni yangu. Niliisiriba ikiwa yako. Hamia. Nikikaa huku hakuna mtu atakutoa."

Sikuwa nimewahi kuwaza hivyo. Niliwaza nimwambie arudi, na badala yake nikamwuliza kama amekula.

Simu ilipokatika mdogo wangu akasema, "Mpe Mwalimu ile namba."

"Nimeahidi."

"Umemwahidi nani? Huyu au yule msichana?"

"Wote."

"Basi mmoja utamdanganya," akasema, akafunga khanga yake na kwenda kulala.

Nilijua jambo moja ambalo kamati haikulijua. Mama aliyemweka ndugu yangu kule ng'ambo, yule wa familia iliyompeleka uwanjani, alikuwa amempenda kama mwanawe, naye alimheshimu. Kama ningetoa ule mtaa, mama huyo angepanda treni na kumfuata, na ndugu yangu asingeweza kumtazama usoni na kukataa. Angerudi. Nilikuwa na uhakika huo, na bado ninao. Kipande cha karatasi nilichoandikia namba na mtaa kilikuwa kwenye mkebe wa majani ya chai, jikoni mwa kamati, hatua kumi kutoka kiti cha Mwalimu. Kwa siku ishirini nilifungua mkebe ule kila nilipopika chai.

Siku ya kumi na nne yule mama mfugaji alikuja na chupa ya maziwa ya mgando. "Nimekuletea tu," akasema. "Sina maneno." Niliyapokea kwa mikono miwili. Maziwa yale yalinishinda kunywa, nikampa jirani.

Siku zilipokwisha wenzetu waliandika tena, kwa adabu ile ile. Ziara za wazee zitaendelea. Simu za Jumamosi zitaendelea. Vijana, hapana, hadi itakaposemwa vingine. Katibu alipiga mstari juu ya jina la msichana. Kwa kuwa daftari lote lilikuwa jekundu, mstari ule haukuonekana tofauti na maneno mengine.

Baada ya mavuno niliacha chumba nilichopanga Kitale, nikahamia Kamukuywa. Nilienda kupika kila palipokuwa na mkutano, nikarudi kwangu. Kwangu: nilikuwa sijawahi kulitumia neno hilo namna hiyo. Mvua zilikuja na ukuta haukudondosha hata tonge moja la udongo.

Mwaka jana zamu ilikuwa yao, na kati ya wageni alikuwamo yule mama aliyemweka ndugu yangu. Kwa kanuni ya zamu, mimi ndiye nilipaswa kumtandikia kitanda. Mwalimu alinipa nafasi ya kukataa. "Hajji atampokea, usijali." Nikasema hapana. Aliyelaza mtoto wangu lazima alale kwangu. Katibu akanipa shuka mbili, zimepigwa pasi.

Tatizo lilikuwa lugha. Mgeni alizungumza Kiingereza cha haraka, chenye lafudhi ya kwao, na changu kiliishia darasa la sita. Mwalimu akasema ataniletea mkalimani. Asubuhi gari liliposimama njiani, mgeni alishuka, na nyuma yake, akiwa amebeba mkoba wa mgeni, akashuka yule msichana. Viatu vilikuwa vile vile. Sasa vilikuwa na vumbi na kisigino kimoja kimelika.

"Shikamoo, Anti."

"Marahaba."

Walikaa siku mbili. Mgeni alikuwa mtu mwema, mwenye mikono mikubwa ya mkamuaji. Alifika akaenda moja kwa moja kuugusa ukuta, akasema kitu, na msichana akanitafsiria: kijana aliwaambia habari ya ukuta huu, kwamba alijifunza kuusiriba kwa kunitazama mimi. Tulicheka. Tukala kuku na ugali. Msichana alimwuliza mengi kuhusu jibini, joto la maziwa, siku za kukaa, chumvi, akiandika nyuma ya kalenda ya zamani. Mgeni akamjibu kwa uvumilivu, akimwonyesha kwa vidole.

Mchana wa siku ya pili tulikaa nje tukimenya viazi. Mgeni akaniangalia, akazungumza polepole, sentensi mbili. Msichana alikuwa ameinamia sufuria. Akachukua kiazi kingine.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anauliza, Anti." Aliendelea kumenya. "Anauliza kama ulijua alikuwa wapi. Zile siku ishirini."

Kisu changu kilisimama. Ningeweza kusema hapana tena, na neno lingepita kinywani mwake hadi kwa mgeni, na angelibeba yeye. Nikamtazama. Nilijua kwamba jibu langu, kabla halijafika kwa mgeni, lilikuwa lake.

"Nilijua," nikasema. "Nilikuwa na namba na mtaa. Niliviweka kwenye mkebe wa chai."

Macho yake hayakuinuka kwenye kiazi. Alikimaliza kukimenya, ganda likitoka refu, moja, mpaka likaanguka. Kisha akamgeukia mgeni, akasema kwa Kiingereza. Yalikuwa maneno machache, na mimi niliyaelewa yote. Alisema: Hapana, hakujua.

Mgeni alitikisa kichwa, akaninyooshea mkono juu ya viazi, akanishika kifundo cha mkono kwa huruma. Huruma ile niliipokea nikiwa nimekaa na kisu.

Jioni gari lilipokuja kumchukua, nilimshika msichana kando ya ua.

"Kwa nini ulifanya vile?"

"Huyu ndiye anawaongelesha wale wengine kuhusu viza, Anti. Akijua mtu mzima wa huku aliwadanganya, si basi? Si itakuwa imeisha kabisa?" Aliongea bila hasira, kama mtu anayehesabu ng'ombe wakiingia boma. "Sikukufanyia wewe."

"Naelewa."

"Na usifikirie tumemalizana. Deni yangu bado iko."

Akapanda gari.

Niliitoa ile karatasi mkebeni. Sasa haina kazi. Mtaa wenyewe ndugu yangu ameshauhama. Jumamosi ya kwanza ya mwezi huwa nawahi Kitale. Mwalimu akipiga simu yake mimi husimama mlangoni na birika, nikisikiliza habari za mvua na nyasi hadi waagane. Kisha namwuliza kama wametaja vijana.

"Bado, mama," hunijibu. "Kwani una haraka gani wewe?"

Ninammiminia chai. Yeye pia sijamwambia kwamba nilijua.