Kigoda cha Ubavuni

Muuguzi yule hakai mbele ya mgonjwa. Huburuta kigoda chake hadi ubavuni mwa kitanda, akivumisha wimbo puani, vidole vyake vikinukia ndimu. Asubuhi moja mtoto Maricar alishikwa tena na kifafa, na Perlita, mama yake, akaikinga sindano kwa kiganja.

“Dada, itamgeuza zezeta!”

“Hebu acha ubishi, shoga,” muuguzi alisema huku akivuta dawa. “Utulivu ni wa mwanao mwenyewe, ndio unaobisha mlango wa ubongo. Dawa inakaa ubavuni mwa mlango, ili ukibishwa ufunguke kwa wepesi. Asiyebisha hafunguliwi; dawa peke yake haifungui.”

Perlita aliondoa kiganja. Dawa ilipokwisha kuingia, muuguzi alimgusa kiwiko kwa vidole viwili tu, na Perlita akajikuta anauimba wimbo ule wa muuguzi. Taratibu miguu ya Maricar ikalegea, akalala.

Adhuhuri alifumbua macho. Perlita akamwinamia, asithubutu kupumua.

“Nanay,” mtoto alimwita mama yake kwa ulimi mzito, “unaimba vibaya.”

Perlita akaangua kilio cha furaha. Ubavuni, muuguzi alikuwa akivumisha wimbo ule ule.