Mkono wa Fundi Yahya

Yahya wa Kaloleni alitengeneza redio za watu wa Kisumu miaka mingi kabla mashine za gemu hazijaingia mjini. Zilipoingia alizipenda mno, hata mkewe, Habiba, akasema ameletewa mke mwenza.

Waliounda bodi za mashine hizo hawakutaka ziigwe, kwa hiyo nyingine zilikuja chipu zake zimekwanguliwa majina. Mafundi wengine wakiona mgongo mtupu walimrudishia mwenyewe bodi yake. Yahya hakuwa na haraka. Alifuata mguu mmoja mmoja wa chipu kwa mita ya kupimia umeme, akiuliza unatoka wapi na unakwenda wapi, mpaka chipu ikajitambulisha yenyewe. Mtu humjui kwa kitambulisho, alipenda kusema; mjue kwa nyumba anazoingia.

Lakini mwaka wa 1991 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Hakumwambia mtu. Fundi wa namna hiyo nani atampa kazi? Aliuficha mfukoni, akausingizia baridi, na baridi ya Kisumu utaitoa wapi! Alikuwa na hofu kwelikweli. Kinyongo chake chote akakielekeza kwa Habiba, aliyekuwa siku hizo bahili wa chai: nusu kikombe asubuhi, nusu jioni.

Ndipo Hiram, mwenye ukumbi wa gemu karibu na stendi, akaleta bodi ya mchezo wa ndege.

"Fundi, picha imekatikakatika. Kichwa ya ndege iko huku, mkia kule. Ile mashine ingine ilikufa, nimebaki na hii tu."

Akaketi kungoja.

Kufikia adhuhuri Yahya alikuwa amemjua mgonjwa. Ilikuwa chipu ya kuchagua, ile inayopokea njia mbili na kuruhusu moja, kama askari wa njia panda. Ili kuhakikisha, huna budi kuibebesha nyingine nzima mgongoni, miguu ikumbatie miguu, umeme ukiwa unapita. Ikiteleza, bodi inaweza kuungua.

Akaisogeza. Mkono ukacheza. Akaurudisha, akajaribu tena, ukacheza zaidi. Hiram alikuwa akitazama.

"Mama Abeid," Yahya akamwita mkewe, aliyekuwa mlangoni akishona kofia. "Hebu nishikie hii. Macho yamechoka."

"Macho," Habiba akasema. Akaweka sindano, akaichukua chipu kwa vidole vilivyozoea vishimo vya kofia, akaiteremsha pale alipoonyeshwa. Kwenye kioo cha televisheni pale mezani ndege ikaungana, kichwa na mkia.

"Wah! Fundi, wewe ni mkali!" Hiram akaruka.

Yahya angeweza kunyamaza.

"Kujua ni kwangu," akasema. "Mkono ni wa huyu. Wangu umekwisha."

Hiram akawatazama wote wawili. "Mimi nataka ndege iruke, Bwana. Mkono ni ya nani, hiyo ni maneno yenu."

Basi ile mbovu ikang'olewa na nyingine ikachomelewa lehemu, Habiba akishika, Yahya akielekeza. Hiram akaondoka na bodi yake kwapani.

Habiba akaleta chai. Nusu kikombe. Safari hii Yahya alikitazama vizuri.

"Umejua tangu lini?" akauliza.

"Tangu Ramadhani. Kikijaa unamwaga, halafu unasema meza imetikisika."

Yahya akaona haya, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akaunyoosha ule mkono wa kulia, ukitetemeka waziwazi, akaushikilia kwa wa kushoto.

"Jaza," akasema.